Kilima cha Mifupa na Mji wa Mawe

Imekuwa desturi katika miji yetu, mtu akisikia neno utalii, kudhani hiyo ni kazi ya mgeni mwenye kofia pana na kamera kifuani, na kwamba kazi ya mwananchi ni kumbebea mzigo na kumwuzia kinyago. Sisi wazo hilo tunalipinga. Nchi haipendwi kwa kupigiwa makofi mkutanini peke yake. Hapana budi mtu aione, aikanyage, aulize jina la kilima na sababu ya jina hilo.

Ndiyo maana tulifunga safari kwenda Kusini. Hatukwenda kutazama simba. Simba tunawaheshimu, lakini wanao watangazaji wa kutosha. Tulikwenda Kilwa, kisha tukaendelea mpaka Lindi, kuona mahali ambapo wengi wetu tulipasoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha tukapasahau. Zamani wasafiri walikwama Rufiji wakingoja kivuko. Lakini Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na basi litokalo Dar es Salaam alfajiri humfikisha mtu Kilwa Masoko siku hiyo hiyo. Udhuru wa njia umekwisha.

Kutoka Masoko mnavuka kwa mashua. Nahodha wetu alitutazama kwa mshangao, akauliza kama tumekuja msibani. Tulipomwambia tumekuja kutembea tu, alicheka, akasema wananchi anaowavusha kwa kutembea ni watoto wa shule. Watu wazima huja kwa kuzika na kuoa. Maneno hayo yalituchoma kuliko jua la bahari.

Kwani ng'ambo ile kuna nini? Kuna Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, wenye matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Juu ya jabali linalotazama bahari kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu hawa, nao wakapiga sarafu zao wenyewe za shaba zenye majina ya masultani wao. Moja imepatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia!

Wako waliotufundisha kwamba historia yetu ilianza siku meli ya Mzungu ilipotia nanga. Basi na wasimame pale ufukweni wahesabu. Meli za Francisco de Almeida zilitia nanga Kilwa mwaka 1505, zikaukuta mji wa mawe umekwisha kujengwa, zikaupora.

Magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, maana mawimbi na mvua vilikuwa vikizila kuta. Yakatolewa humo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Lakini bahari haikutia saini mkataba wowote, nayo inaendelea na kazi yake kila maji yajaapo.

Magharibi ya pwani ile ndiko Nandete, katika vilima vya Wamatumbi, ambako mwezi wa Julai 1905 watu waling'oa pamba ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Juu ya vita hivyo tumekwisha kuandika na tutaandika tena.

Tunataka kusema zaidi juu ya Tendaguru. Ni kilima katika mkoa wa Lindi, na ukikitazama hukioni kama kitu cha ajabu: nyasi, miti, na joto. Lakini kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati vijiji bado vina njaa na makaburi mabichi ya Maji Maji, Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, zaidi ya tani 200. Nani aliichimba? Nani aliibeba kichwani mpaka bandari ya Lindi? Ni wananchi, kwa mamia. Mmoja wa mifupa hiyo, mnyama mwenye kimo cha mita 13 na zaidi, amesimama katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937. Jina lake la kitaalamu limetokana na mkuu wa makumbusho hayo, Bwana Branca. Naye Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alingoja mpaka mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja mdogo kuliko yule akapewa jina lake. Wabebaji hawana hata mjusi.

Siku hizi kuna kelele kwamba mifupa irudishwe. Madai hayo ni ya haki, nasi tunayaunga mkono. Lakini tunauliza: katika sisi tunaopiga kelele, ni wangapi tumekipanda kilima kile? Mwenye shamba asiyejua mpaka wake hushindwa barazani. Mjerumani ana vitabu, picha na daftari za kila siku ya kazi. Sisi tunayo masimulizi ya wajukuu wa wabebaji, nayo hayajaandikwa, na wasimulizi wanazeeka.

Tunajua jibu litakalotolewa: mshahara hautoshi. Ni kweli hautoshi. Lakini harusi tunachangiana, na mpira tunaufuata mkoa hata mkoa. Watu ishirini wa tawi moja wakiweka akiba ya nauli miezi sita, gari watapata.

Basi watakaokwenda wachukue daftari na kalamu. Kibali cha magofu kiulizwe Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Chakula kinunuliwe kwa akina mama wa kisiwani, kisibebwe kutoka mjini. Kwenda Tendaguru ngojeni kiangazi, mkaanze kwa wazee wa vijiji vya jirani, maana wao ndio wanaoijua njia, na ndio wenye habari.