PDF za Kushea Kampasi: Serikali Ina Fimbo, Kitabu Kiko Wapi?

Kila grupu ya WhatsApp ya darasa chuoni ina msee mmoja wa PDF. Wiki ya kwanza ya semista lekchara anataja vitabu vitatu, na jioni hiyo hiyo faili zishaingia kwa grupu. Hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Wasee wanashukuru, wanapakua, maisha yanaendelea.

Kisheria, huyo msee wa PDF yuko kwa shida. Na serikali inazidi kukaza kamba. Lakini kuna swali moja halijibiwi: ukifunga hiyo grupu leo, komredi ambaye hana doo ya kitabu atasoma nini kesho?

Tuanze na sheria yenyewe, ndio tusiongee hewa.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kitabu ni mali ya aliyekiandika maisha yake yote, na miaka 50 baada ya yeye kufa. Wimbo, muvi na programu ya kompyuta pia zinalindwa. Kunakili na kusambaza bila ruhusa ni kosa, na ukishikwa umefanya biashara nayo, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Anayesimamia hii kazi ni KECOBO, bodi ya hakimiliki.

2019 sheria ikafanyiwa marekebisho. Sasa mwenye kazi akituma notisi kwamba mali yake iko mtandaoni bila idhini, kampuni ya intaneti ina saa 48 za kazi kuizima. Halafu Oktoba 2025 Rais Ruto akatia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandao, ambayo yanaipa kamati moja ya kitaifa, NC4, nguvu ya kuagiza saiti ifungwe ikionekana inaendeleza shughuli haramu. Watu walikimbia kortini mara moja, na Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya sheria hiyo inayohusu unyanyasaji mtandaoni. Lakini hebu yaangalie tu hayo maneno, shughuli haramu. Saiti ya vitabu vya magendo inaweza kuingia hapo bila hata kusukumwa.

Sasa njoo Jilore.

Jilore ni wadi ya eneo bunge la Malindi, ukiingia ndani upande wa bara, kando ya mto Sabaki. Kule familia nyingi zinategemea shamba na mifugo, na mvua ikigoma kila mtu anajua. Mtoi wa Jilore akipata nafasi Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, mara nyingi ni kijiji kizima kimechanga. Kuna mbuzi zimeuzwa. Kuna mjomba ametuma kitu kidogo kutoka Mombasa. Hiyo ganji inaenda kwa karo, keja na chakula, na HELB ikichelewa komredi anasota vibaya sana.

Katika hiyo bajeti, kitabu kinaingia wapi? Kitabu kimoja cha biolojia au takwimu kutoka kwa wachapishaji wa Uingereza au Marekani kinaweza kula maelfu ya shilingi, na semista moja ina kozi sita au saba. Juu ya hiyo bei kuna kodi. Sheria ya VAT ya 2013 iliingiza vitabu kwenye ushuru wa 16%, na wachapishaji wakapiga kelele kwamba bei itamuumiza msomaji. Yaani serikali hiyo hiyo iliyopandisha bei ya kitabu ndiyo inayomshangaa komredi kwa kukitafuta kwa mlango wa nyuma.

Utasema, si kuna maktaba? Kweli iko. Vyuo vyetu hulipia majarida na vitabu vya kidijitali kwa pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba ulioanza 2003. Intaneti ya vyuo vingi inaletwa na KENET. Ukiwa ndani ya kampasi, mitambo inakutambua kwa mtandao wa chuo na unasoma. Noma inaanza ukitoka geti. Kama chuo hakijaweka njia ya kuingia ukiwa mbali, au kimeweka na hakuna aliyekuonyesha, ile saiti inakuambia ulipe dola kadhaa kwa makala moja.

Basi mpige picha komredi amefunga shule, amerudi ushago Jilore, ana bando la soo moja na netiweki ya kutafuta chini ya mwembe. PDF ya grupu inafunguka hata bila intaneti, na haiulizi nywila. Hapo ndipo magendo yanashinda maktaba. Bei ni sababu moja, lakini urahisi ni sababu kubwa zaidi, na hili wanaotunga sera wanalisahau kila mara.

Sasa tusidanganyane pia. Kuna upande wa pili, na hao ni watu wetu.

Msee wa Pwani akiandika riwaya ya Kiswahili, malipo yake ni mrabaha, asilimia kidogo kwa kila nakala inayouzwa. Kitabu kikiskaniwa na kurushwa kwa grupu za watu elfu mbili, yeye hapati hata mbao. Hana mawakili wa London. Mwimbaji wa Malindi ambaye albamu yake inauzwa ndani ya flashi pamoja na nyimbo zingine mia tano, naye ni vile vile. Na yule jamaa anayejaza watu muvi kwa flashi pale nje ya geti hafanyi ukombozi wa elimu. Hiyo ni biashara, na bidhaa ni jasho la mtu mwingine.

Kwa hivyo kuna vitu vitatu hapa. Kuna burudani, yaani muvi na ngoma, ambazo komredi anaweza kuishi bila. Kuna kitabu cha mwandishi wa hapa, ambacho bei yake si mbaya sana na kinapatikana. Na kuna kitabu cha kozi cha kutoka nje, ambacho hakipo dukani Malindi, nakala za maktaba ni za kugombania, na bei ni ya Ulaya. Shida ya sera yetu ni kwamba hivi vyote vimetiwa gunia moja.

Wengine wamepitia hii njia. Marekani ilipitisha sheria 2008 ikiviambia vyuo vinavyopokea pesa za serikali za wanafunzi vipambane na ushiriki haramu wa faili. Wakati huo vita vilikuwa vikali. 2009 mwanafunzi wa Boston, Joel Tenenbaum, aliambiwa na baraza la korti alipe dola 675,000 kwa nyimbo 30. Watu wengi wanakumbuka hiyo faini tu. Lakini ile sheria ya 2008 ilikuwa na kipande kingine: chuo kiwaeleze wanafunzi sheria kila mwaka, na kadiri kinavyoweza kiwape njia halali ya kupata kazi hizo. Sheria yetu ya hakimiliki ina fimbo, lakini hicho kipande cha pili haina. Haimwambii mkuu wa chuo yeyote ahakikishe komredi ana pa kwenda.

India nayo, 2012 wachapishaji wakubwa, wakiwemo Oxford na Cambridge, walishtaki kiduka cha fotokopi ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi kwa kutengeneza vijitabu vya kozi. 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikatupa kesi, ikisema sheria ya India inaruhusu kunakili kwa ajili ya mafunzo. Rufaa ikafuata, na 2017 wachapishaji wakajiondoa. Usikimbie na hiyo hukumu ukadhani inakulinda Kilifi. Sheria yetu ni nyembamba zaidi: inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti na kujisomea, na vipande viwili vifupi vya kazi ya mtu kwenye mkusanyiko wa kufundishia. Kitabu kizima hakimo.

Lakini Kenya inajua kufungua mlango ikitaka. 2017 tulijiunga na Mkataba wa Marrakesh, na marekebisho ya 2019 yakauingiza kwenye sheria. Leo kitabu kinaweza kugeuzwa kuwa nakala ya mtu asiyeona, na hakuna anayeitwa mwizi. Waandishi hawakufa njaa kwa hilo.

Basi kifanyike nini?

Mosi, vyuo vilipe leseni ya pamoja. KOPIKEN, chama kinachokusanya mirabaha ya waandishi na wachapishaji, kiko kwa ajili ya hiyo kazi: chuo kinalipa, lekchara anatoa sura anazohitaji, komredi anasoma bila woga, mwandishi anapata chake. Pili, kila chuo kihakikishe maktaba yake ya kidijitali inafunguka ukiwa Jilore vile inafunguka ukiwa kampasi, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wafunzwe kuitumia wiki ya kwanza. Tatu, malekchara wachague vitabu huria pale vipo. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ina vitabu vya biolojia, takwimu na uchumi, bure na halali kabisa. Pakua ukiwa na WiFi ya chuo, beba nyumbani, shea na darasa lote. Hakuna karao atakuuliza.

Hayo yakifanyika, serikali ikimkamata muuza flashi hatutalia. Lakini ikianza kwa kufunga saiti na kutisha wanafunzi, mtoto wa mwenye pesa atanunua kitabu na kusonga mbele. Wa Jilore ndiye atakayeingia mtihani na noti za kunakili kwa mkono, wakati mbuzi za nyumbani zishauzwa.

Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukifika, watakuja na fulana na ahadi za kila aina. Waulize maktaba inafunguka ukiwa nyumbani au la, na chuo kimelipia leseni au la. Wakianza kukuletea stori za sherehe, unajua kura yako iende wapi.