Mbagala Siku Isiyo na Tukio

Picha ya maisha ya kila siku huonyesha jambo ambalo lingefanyika hata kama kamera isingekuwepo: mama akikaanga vitumbua kabla hakujapambazuka, fundi akiziba pancha chini ya mwembe, madereva wa bodaboda wakisubiri abiria kijiweni. Mpiga picha wa habari hukimbilia tukio na kuondoka likiisha. Mwenzake wa maisha ya kila siku hana cha kukimbilia. Kazi yake hutegemea muda aliokaa mahali, namna alivyoingia na kile anachowaachia wenyeji, na kwa vigezo hivyo ndivyo inavyopasa kupimwa.

Upungufu wa picha za namna hii unaonekana wazi Dar es Salaam. Kwa Sensa ya 2022, wilaya za Temeke na Kinondoni pekee zina watu zaidi ya milioni 2.3, kati ya milioni 5.38 wa mkoa mzima. Hata hivyo mitaa yao huingia gazetini zaidi kwa maafa. Mbagala ilijaa kwenye vyombo vya habari baada ya ghala la silaha la jeshi kulipuka tarehe 29 Aprili 2009. Bonde la Msimbazi lilifuata kwa mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake baadhi ya wakazi walihamishiwa Mabwepande. Picha hizo zilikuwa za lazima. Kasoro iko kwenye uwiano. Anayetegemea kumbukumbu hizo peke yake ataijua Mbagala ya siku moja ya moshi, asijue watu walivyogombea daladala za Kariakoo au walivyojenga chumba kimoja baada ya kingine kadiri fedha ilivyopatikana.

Hali hii ina historia. Kadi za posta za pwani za mwanzoni mwa karne ya 20, zikiwemo za studio ya A. C. Gomes ya Zanzibar, mara nyingi zilimwonyesha Mwafrika kama mfano wa kabila au kazi, bila jina. Wakati wa uhuru na baada yake, tukio ndilo lililotawala. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alijijengea jina kwa picha za mapinduzi, vita na njaa ya Ethiopia ya 1984. Kando ya mikondo hiyo palikuwa na wapiga picha ambao kwao mteja ndiye aliyeamua. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na wapiga picha wa feri ya Likoni, Mombasa, waliostawi miaka ya 1990 kwa vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa, walifuata makubaliano yaliyo wazi: mteja alichagua nguo na mkao, akalipa, akachukua picha yake. Picha ya maisha ya kila siku humwondolea mtu uchaguzi wa mkao. Kwa hiyo mpiga picha ana deni la kumhifadhia haki nyingine za studio: kujua kwamba anapigwa picha, kuiona, na kubaki nayo.

Deni hilo huanza kulipwa mlangoni. Tandika, Mtoni, Tandale au Manzese, mgeni mwenye kamera hupaswa kujitambulisha kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ridhaa ya mwenyekiti humwepusha na kudhaniwa mpelelezi au dalali wa viwanja, lakini si ruhusa ya kila mkazi. Nyumba ya Kiswahili yenyewe imezigawa ruhusa hizo. Kibarazani watu hucheza bao na kuuza karanga mbele ya macho ya wote. Ukumbi wa kati, wenye vyumba pande mbili, ni wa wapangaji. Uani, penye jiko, choo na kamba za nguo, huingia aliyekaribishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka masharti kuhusu taarifa zinazomtambulisha mtu, ila mpaka wa uani ni wa zamani zaidi, na aliyeuvuka bila hodi hana utetezi hata picha yake ikivutia.

Ufundi nao unafuata adabu hiyo. Jua la saa sita huwa juu sana, na macho huzama kivulini. Mwanga wa pembeni wa asubuhi, na wa kuanzia saa kumi jioni, huangukia saa ambazo mtaa una shughuli nyingi. Kamera hukadiria wastani wa mwanga, hivyo mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa hutoka giza. Mwanga unapaswa kupimwa usoni pake. Lenzi fupi, kama ya milimita 35, humlazimisha mpiga picha asogee na abaki ndani ya mazungumzo. Lenzi ndefu humruhusu apige kwa mbali bila kuonekana, na hapo ndipo lawama za kuibiwa picha huanzia.

Kisha huja maelezo. “Mama lishe, Temeke” hayatoshi. Yanahitajika mtaa, tarehe, saa, bei ya sahani, jiko la mkaa au la gesi, na jina ikiwa mwenyewe ameridhia. Mambo haya ya kawaida hutoweka haraka: picha za foleni za daladala katika Barabara ya Morogoro zilizopigwa kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016 sasa ni ushahidi wa historia, mradi zina tarehe.

Hatua ya mwisho ni kuwarudishia wenyeji nakala, hasa iliyochapishwa kwenye karatasi, kwa sababu simu hupotea na picha zake. Wenyeji wakiiona husahihisha majina, mahali na kazi, na masahihisho hayo huingizwa kwenye maelezo kabla ya kuchapishwa. Mhariri anayepokea picha kutoka mitaa hii anapaswa kuuliza nani aliridhia, ilipigwa wapi na lini, na nakala iko kwa nani. Majibu hayo yachapishwe pamoja na picha.