Gari la Wafalme Lililouzwa kwa Friji Mbili

Picha ya limozini ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ikirushwa mtandaoni na neno "inauzwa" chini yake, watu wanagawanyika papo hapo. Kuna wanaotuma moto na kuandika "ndoto yangu hii", na kuna wachache wanaouliza inakula mafuta kiasi gani. Hao wachache wanachekwa, wanaambiwa wana mawazo ya kimaskini. Lakini ukizifuatilia ndinga hizi kuanzia zilipotoka kiwandani, utaona wanaouliza mafuta ndio wenye swali la maana. Gari la kifahari lina mtu anayelinunua na lina mtu anayelilipia, na mara nyingi hao si mtu mmoja.

Chukua Bugatti Type 41, ile inayoitwa Royale. Ettore Bugatti alikuwa na kiwanda chake Molsheim, mashariki mwa Ufaransa, na miaka ya 1920 aliingiwa na wazo la kutengeneza gari ambalo Rolls-Royce ikipaki pembeni yake ionekane ya kuazima. Na alilitengeneza kweli. Injini lita 12.7, silinda nane zimepangwa mstari mmoja. IST ya lita 1.3 izidishe karibu mara kumi ndipo uipate. Urefu unapita mita sita, yaani likisimama kituoni linakula nafasi ya Coaster. Boneti peke yake ni safari. Halafu kule mbele, juu ya rejeta, kuna tembo mdogo wa kuchonga amesimama kwa miguu ya nyuma. Aliyemchonga ni mdogo wake Ettore, msanii wa sanamu za wanyama aliyefariki mwaka 1916, miaka kumi hivi kabla gari la kwanza halijaonekana barabarani. Hapo kwenye tembo, hata mwenye chuki binafsi na matajiri lazima akubali kwamba jamaa walikuwa na jicho.

Mpango ulikuwa kutengeneza magari 25 na wateja wawe wafalme. Ndiyo maana likaitwa Royale. Sasa hesabu ilivyokwenda: wafalme walionunua ni sifuri.

Mmoja anayetajwa kuwa alilitamani ni mfalme wa Hispania, ila mwaka 1931 alikimbia nchi yake, na mtu aliyepoteza kiti hawezi kuagiza limozini. Mwingine wa kutoka Albania ana hadithi inayopendwa sana na wapenzi wa magari, kwamba alikwenda mwenyewe kuulizia, akakaribishwa chakula, na Ettore alipomwona anavyokula akaamua kutomuuzia. Iwe kweli au iwe ya kijiweni, inaonyesha biashara ilivyokuwa: muuzaji anaringa kuliko mnunuzi, wakati hana hata oda moja mfukoni. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu 1929. Wenye nazo walikuwa wanauza, yeye anasubiri wafalme.

Mwishowe walipatikana wateja watatu tu, na hakuna hata mmoja mwenye taji. Majina yao yapo kwenye vitabu, hapa yaachwe, maana wenyewe walitaka kuonekana kwa magari na magari ndiyo yatakayowasema. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa Kifaransa. Huyu aliagiza gari lake lisiwekwe taa za mbele, kwa sababu hakuwa na mpango wa kuendesha usiku. Soma tena hiyo sentensi. Mtu ananunua gari la bei ya juu kuliko karibu yote duniani, halafu jua likizama lazima liwe limeshafika nyumbani kama mtoto wa shule.

Wa pili alikuwa daktari wa akina mama kutoka Ujerumani. Wanazi waliposhika nchi akaondoka, na gari nalo likazunguka dunia hadi Shanghai, kisha New York. Huko baridi kali ikaganda maji ndani ya injini, injini ikapasuka. Ndinga ya kifalme ikaishia kwenye uwanja wa chuma chakavu. Miaka ya 1940 injinia mmoja wa kampuni ya General Motors akaikuta huko, akainunua kwa kama dola 400, akaitengeneza kwa miaka. Leo ipo kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford, Marekani. Katika wote wanaotokea kwenye mkasa huu, huyu injinia ndiye mwenye haki ya kujivunia. Alilipa hela yake na akashika spana kwa mkono wake.

Wa tatu, mwaka 1933, alikuwa tajiri wa Kiingereza. Hiki ndicho chombo chenyewe, limozini kamili. Bodi ilijengwa London na mafundi wa Park Ward, paa refu, dereva mbele, mwenye gari nyuma kama waziri. Iweke akilini limozini hii, itarudi.

Magari yaliyokamilika na yaliyopo mpaka leo ni sita. Sita kati ya 25. Kiwanda kikabaki na lundo la injini kubwa zisizo na mabodi wala wateja. Unajua zilikwenda wapi? Kwenye treni. Ettore akaziuzia reli za Ufaransa treni zake za mwendo kasi, nyingine zina injini mbili za Royale, nyingine nne. Injini iliyotengenezwa kwa ajili ya mfalme mmoja akae nyuma peke yake ikawa inabeba watu na mabegi yao, wanaowahi kazini na wanaokwenda kusalimia ndugu. Na hizo ndizo zilizokiokoa kiwanda. Mabango yanayouza magari haya hupenda kuandika "lilitengenezwa kwa wafalme", mara chache sana utaona yameandika "likaokolewa na abiria".

Mwaka 1936 wafanyakazi wa Molsheim waligoma, kama walivyogoma wenzao wengi Ufaransa mwaka huo. Ettore aliumia sana moyoni, akahamia Paris. Alikuwa anajiona baba wa familia, na haikumwingia akilini kwamba watoto nao wana bili za kulipa.

Vita ilipokuja, magari yaliyobaki mikononi mwa familia yalifichwa nyuma ya ukuta uliojengwa maalumu ili Wajerumani wasiyaone. Vita ikaisha, Ettore akafariki 1947, na hali ya familia haikuwa ile tena. Mwaka 1950 Mmarekani mmoja, dereva wa mashindano mwenye pesa zake, alifika na kuondoka na Royale mbili. Alitoa hela kidogo, na juu yake akaongeza friji mbili mpya za General Electric.

Ndiyo, friji. Ufaransa baada ya vita, friji mpya ilikuwa kitu cha kuota. Kuna wanaosimulia jambo hili kwa kicheko, eti familia iliingizwa mjini. Si haki. Mwenye njaa ya leo hauzi kwa bei ya mwaka 1987. Nyumbani kwenye uhitaji, friji inatunza maziwa na nyama, na limozini ya tani tatu nyuma ya ukuta haitunzi chochote. Binti aliyefanya biashara ile alijua hesabu zake kuliko baba yake alivyojua za kwake.

Mwaka 1987 umetajwa kwa sababu ndipo moja ya zile mbili za friji iliponadiwa London, ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall, na kuuzwa kwa pauni milioni 5.5. Ilikuwa rekodi ya dunia kwa gari wakati huo. Pacha wake alikuwa ameshauzwa Marekani mwaka 1986 kwa dola milioni 6.5, na kabla mwaka haujaisha akachukuliwa na bosi mmoja wa pizza kwa dola milioni 8 na ushee. Bosi huyo miaka michache baadaye alisoma kitabu kinachozungumzia dhambi ya kiburi, akajiona yeye mwenyewe ndani yake, akaanza kuuza mali zake za kutambia moja baada ya nyingine, na Royale ikaondoka. Mtu alihitaji kutumia dola milioni 8 ndipo agundue anajionyesha! Mashangazi uswahilini wangemwambia bure.

Kati ya friji na pauni milioni 5.5 gari halikubadilika. Injini ni ileile, tembo ni yuleyule. Kilichobadilika ni nani ana shida na nani ana hamu. Dalali anapokutajia bei, anakusomea hali ya watu wawili hao, basi.

Sasa ile limozini ya Muingereza. Baada ya vita ilipita mikono kadhaa ikavuka hadi Marekani, jimbo la Illinois, kwa mkusanyaji mmoja aliyekuwa na Bugatti 30 hivi. Mwaka 1964 akaziuza zote kwa mpigo, kwa dola 85,000, zikapakiwa kwenye mabehewa ya treni kuanza safari ya kurudi Ufaransa. Mnunuzi alikuwa mwenye viwanda vya sufu huko Mulhouse. Yeye na kaka yake walimiliki viwanda kadhaa vya nyuzi eneo hilo, na kwa miaka mingi yule mdogo alikuwa ananunua magari ya zamani kimyakimya, hasa Bugatti. Akanunua hadi Royale aliyokuwa akiitumia Ettore mwenyewe. Yote yalihifadhiwa ndani ya jengo la kiwanda, milango imefungwa, mafundi wake wameambiwa wafunge midomo.

Wakati huohuo biashara ya sufu ilikuwa inayumba. Mwaka 1976 ndugu wale wakasema viwanda vimekwisha, watu wakaanza kupunguzwa. Wafanyakazi wakagoma, wakaizingira nyumba ya mabosi, polisi ikabidi iwatoe, wakakimbilia Uswisi ambako walikuwa na uraia. Machi 1977 wafanyakazi wakaingia kwa nguvu kwenye lile jengo lililofungwa.

Jaribu kuwaona. Watu waliosimama mashineni miaka yote wakilipwa mishahara ya kubana, wameambiwa kampuni haina kitu, wanafungua mlango na kukuta mamia ya magari yamepangwa kwa mistari. Bugatti zaidi ya mia. Mamia ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka daraja la Alexandre III la Paris, zinamulika magari ambayo hakuna anayeyaendesha. Mahali pote pamewekwa wakfu kwa mama wa mabosi. Na katikati ya hayo, limozini ya Park Ward, na kile kiti cha nyuma kinachosubiri bwana mkubwa.

Walichoma gari moja dogo, Austin, barabarani. Waandishi wengi wa magari mpaka leo wanaililia ile Austin. Inaeleweka, ilikuwa gari isiyo na kosa. Ila lingine walilofanya ndilo la kukumbukwa: waliyalinda mengine yote. Walilikalia jengo kwa takriban miaka miwili, wakalibatiza jina la Makumbusho ya Wafanyakazi, wakafungua milango watu waingie waone. Watu waliofukuzwa kazi waliyatunza magari ya mtu aliyewafukuza.

Wapo wanaomtetea yule mkusanyaji, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema bila kichaa chake, nyingi za Bugatti zile zingeishia kuwa chuma chakavu, kama ile ya New York ilivyokaribia. Ni kweli, alikuwa na jicho na alikuwa na subira. Ila mtu akisifiwa kwa kuokoa magari, aulizwe pia pesa ilitoka wapi, na ndugu hawa walishutumiwa kuchota za kampuni. Kama ni hivyo, mwokoaji halisi ni yule mama aliyekuwa kwenye mashine ya kusokota sufu, na jina lake haliandikwi kwenye kibao chochote. Huwezi kuita ukusanyaji kile ambacho kimenunuliwa kwa mshahara wa mwingine.

Wakati ule kulikuwa na wazo jepesi la kuyapiga mnada yote, kila tajiri duniani ajichukulie lake. Mwaka 1978 Ufaransa ikauzuia mlango huo kwa kuyatangaza magari yale urithi wa taifa, yasitawanywe. Uamuzi ulikuwa sahihi. Yangeuzwa moja moja, yangerudi kufungiwa kwenye magereji ya watu wengine wa aina ileile, na picha zake zingekuwa zinarushwa mtandaoni kila baada ya miaka michache na lile neno "inauzwa".

Makumbusho yakafunguliwa rasmi mwaka 1982, Mulhouse, ndani ya kiwanda kilekile, chini ya taa zilezile. Limozini ya Park Ward ipo hapo, pamoja na gari la Ettore. Haiuzwi. Mtu anakata tiketi, anasogea hadi kwenye kamba, anachungulia kiti cha nyuma, na kiti ni kitupu.