Kidhibiti Mshiko na Udongo wa Oldeani

Oldeani, katika Wilaya ya Karatu, imekaa juu ya miteremko ya mlima uitwao kwa jina hilo hilo, ambao kilele chake chapita meta 3,000 juu ya usawa wa bahari. Jina hilo ni la Kimaasai, nalo lahusu mianzi iotayo mlimani humo. Udongo wa huko umetokana na volkano za kale za nyanda za Ngorongoro. Ni mwekundu, ni mzito, na una rutuba nyingi. Kwa ajili ya rutuba hiyo walowezi wa enzi za ukoloni walianzisha mashamba ya kahawa na ngano, na kwa rutuba hiyo hiyo wananchi wanajilisha hadi leo. Lakini udongo ulishao ndio pia utelezao. Barabara ya lami itokayo Makuyuni hadi lango la Ngorongoro imeleta nafuu kubwa, ila njia nyingi ziunganishazo mashamba na vijiji na lami hiyo ni za udongo mtupu. Masika yakishuka, ni juu ya njia hizo kwamba mama mja mzito huwahishwa hospitali, na vitunguu vya Mang'ola hupandishwa kutoka bonde la Ziwa Eyasi kwenda sokoni.

Zamani njia za namna hiyo zilikuwa milki ya malori na magari ya gia za mkono. Siku hizi magari yaliyokwisha kutumika Japani yameenea kote nchini, na mengi kati yake ni ya otomatiki, yaani yale yenye kujibadilishia gia. Katika mengi ya magari hayo mna kifaa cha kudhibiti mshiko wa magurudumu, ambacho dereva hukitambua kwa taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye picha ya gari lililoacha alama za mawimbi nyuma yake. Juu ya taa hiyo pana imani mbili zinazopingana, na zote ni potofu. Wapo wanaoamini kwamba gari lenye kifaa hicho lapanda mlima wowote. Wapo pia wanaosema kwamba kifaa hicho kiliundwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, na kwamba mtu akifika kwenye matope ni heri akizime mara moja. Imani ya kwanza huwaingiza watu mahali pasipopitika. Ya pili huwanyima msaada ambao wamekwisha kuulipia.

Ili kuupima ukweli wa jambo hili yafaa kuanza na mshiko wenyewe. Nguvu ya injini haina kazi yoyote mpaka ifike mahali ambapo tairi lagusa ardhi, na mahali hapo ni padogo, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima. Nguvu iwezayo kupita hapo hutegemea mambo mawili: uzito uliolilemea gurudumu, na msuguano kati ya tairi na ardhi. Kipimo cha msuguano juu ya lami kavu hukaribia 0.8, juu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa chaweza kushuka hadi 0.3, na penye utelezi mkali hadi 0.1. Chembe za mfinyanzi ni bapa na ni ndogo mno, nazo maji yakizipenya huteleza moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu kilichopakwa sabuni. Kwa sababu hiyo mvua ya kwanza juu ya njia ngumu huwa na hila kuliko zote: juu pana utando mwembamba wa tope, na chini yake ardhi bado ni ngumu wala haimezi kashata za tairi.

Jambo la pili ni difu. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, hivyo ni lazima kila moja liwe na mwendo wake. Difu ndiyo iliyotatua tatizo hilo, lakini ilileta jingine: huyagawia magurudumu mawili nguvu iliyo sawa daima. Gurudumu moja likiwa topeni na kuhitaji nguvu kidogo tu ili lizunguke bure, basi na mwenzake aliye mahali pagumu hupata kidogo hicho hicho. Kila dereva amewahi kuona gari limesimama, gurudumu moja likirusha matope na jingine limetulia kana kwamba halihusiki.

Hapo ndipo kidhibiti mshiko kinapoingia. Historia yake haikuanza jana. Mwaka 1971 kampuni ya Buick ya Marekani iliuza magari yenye kifaa kilicholinganisha mwendo wa gurudumu la mbele na ule wa shafti itokayo kwenye giaboksi; magurudumu ya nyuma yalipozunguka kupita kiasi, cheche za injini zilikatwa kwa kitambo kidogo. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walileta breki zisizofunga, zinazoongozwa kwa elektroni, na vihisio vile vile vinavyopima mwendo wa kila gurudumu vikaja kutumiwa, kuanzia miaka ya 1980, kudhibiti mshiko. Kompyuta huvisoma vihisio hivyo mara nyingi katika kila sekunde. Ikiona gurudumu moja limewazidi wenzake, hulifunga breki gurudumu hilo peke yake. Difu sasa hukuta upinzani pande zote mbili, nayo hulazimika kumpelekea nguvu mwenzake aliye mahali pagumu. Yakizunguka bure magurudumu yote mawili, kompyuta huipunguza nguvu ya injini.

Katika gari la otomatiki kazi hiyo ina sehemu ya tatu. Gari hilo halina klachi ya kukanyagwa. Kati ya injini na giaboksi mna chombo mfano wa mabakuli mawili yanayotazamana, yaliyojazwa mafuta. Bakuli moja huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta, na la pili huzungushwa na mafuta hayo. Asili yake ni uvumbuzi wa Mjerumani Hermann Föttinger wa mwaka 1905, uliokusudiwa kwanza kwa meli. Kwa chombo hicho gari huondoka polepole bila kushtuka, na hiyo ni neema juu ya utelezi. Lakini wakati wa kuondoka chombo hicho hicho chaweza kuizidisha nguvu ya kuzungusha kufikia karibu mara mbili. Aidha, dereva akikanyaga mafuta hadi chini, giaboksi hulichukua tendo hilo kuwa ombi la nguvu, nayo hushuka gia. Penye lami hivyo ndivyo itakiwavyo. Penye matope, nguvu hiyo mpya huyafanya magurudumu yazidi kuzunguka bure na kujichimbia shimo. Kwa hiyo katika magari ya namna hii kompyuta ya mshiko huzungumza na ile ya giaboksi, nayo yaweza kuiamuru isishuke gia, au ipande gia moja, ili nguvu ifikayo ardhini ipungue. Dereva huhisi gari limelegea, naye hulalamika kwamba injini imechoka, ilhali injini imezuiwa kwa faida yake.

Mpaka wa msaada huo waweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo. Na ichukuliwe gari lenye kusukumwa na magurudumu mawili, ambalo nusu ya uzito wake imeyalemea magurudumu hayo. Gurudumu la kushoto limo katika utelezi wa kipimo cha 0.1, na la kulia liko juu ya moramu ya kipimo cha 0.5. Ukiacha upinzani wa matope yenyewe, gari hilo likiwa na difu ya kawaida bila kidhibiti litaweza kupanda mwinuko wa meta 5 hivi katika kila meta 100 za njia. Likiwa na kidhibiti kinachofanya kazi yake kikamilifu, litapanda hadi meta 15. Faida hiyo ni mara tatu, wala si ya kudharauliwa. Lakini magurudumu yote mawili yakiwa katika utelezi wa 0.1, kifaa kiwepo kisiwepo, mpaka ni meta 5 zile zile. Hata gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne halitapita meta 10. Kidhibiti mshiko hugawa kile ambacho ardhi imekubali kutoa. Hakina ghala jingine la kuchotea.

Kutokana na hesabu hiyo yaweza kuamuliwa pia habari ya swichi ya kukizima. Katika tope zito au mchanga mwingi, ambako gari lahitaji kasi yake ili lisikwame, kompyuta yaweza kuipunguza injini wakati usiofaa. Vilevile, kuzunguka kidogo kwa tairi husaidia kutupa tope lililojaa katika kashata. Mahali kama hapo kukizima kwa muda ni busara. Lakini penye utando mwembamba juu ya njia ngumu, na hasa penye korongo kandoni, kukizima ni kujitafutia balaa, kwa kuwa magurudumu yanayozunguka bure hupoteza pia uwezo wa kulizuia gari lisiserereke ubavu.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, haimo katika kupanda. Gari lililoshindwa kupanda kwa kawaida husimama. Gari lililoshindwa kujizuia katika mteremko huenda likaua. Kidhibiti mshiko kimeundwa ili kuzuia nguvu ya injini iliyozidi, na katika mteremko nguvu inayolisukuma gari ni uzito wake lenyewe. Tena magari yote, yawe ya magurudumu mawili au manne yanayosukuma, hufunga breki kwa magurudumu manne. Hivyo lile lililopanda kwa kiburi halina ubora wowote wakati wa kushuka. Otomatiki nayo ina tabia yake: dereva akiachia mafuta huku lever iko kwenye D, giaboksi nyingi huelekea gia ya juu, na msaada wa injini katika kulizuia gari hupungua. Hapana budi dereva aiweke kwenye 2 au L kabla ya kuanza kushuka, naye akanyage breki kwa upole. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi dogo lililobeba wanafunzi lilitumbukia korongoni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Chanzo cha ajali hiyo si jambo la kuamuliwa katika makala haya. Itoshe kukumbuka kwamba miteremko ya nchi hiyo haimsamehe mtu kwa urahisi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni lami. Ni kweli kwamba mifereji, moramu na lami vingeondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo, na wananchi wana haki ya kuvidai. Lakini lami haitafika kila shamba kwa mwaka mmoja, na magari ya otomatiki yamekwisha kufika. Elimu yaweza kutangulia lami, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

Elimu hiyo yapasa ianze kwa mafundisho ya udereva. Vyuo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji ndivyo mahali pake, na ingefaa mtahiniwa wa leseni aulizwe maana ya taa ile ya manjano kama anavyoulizwa maana ya alama za barabarani. Taa ikimweka, kifaa kiko kazini, na maana yake ni kwamba ardhi imefika mwisho wa uwezo wake: punguza mafuta. Taa ikibaki inawaka bila kuzimwa kwa swichi, kifaa kina hitilafu. Huenda kihisio kimefunikwa na tope au waya umekatika. Vitabu vya maelekezo vya magari hayo mara nyingi vimeandikwa kwa Kijapani, hivyo maelezo mafupi ya Kiswahili yangekuwa msaada mkubwa kwa madereva na mafundi pia.

La pili ni matairi. Nchi nyingi zimeweka milimeta 1.6 kuwa kina cha mwisho cha kashata, na kina hicho hakifai kitu katika tope la masika. Mwenye gari aliye na fedha kidogo azitumie kwanza kwa matairi manne mazuri, yaliyo sawa kwa ukubwa. Usawa huo una sababu: tairi dogo huzunguka upesi kuliko kubwa, na kompyuta isiyojua kwamba matairi yamechanganywa huweza kudhani kuna gurudumu linaloteleza, ikalifunga breki bure. Kifaa cha thamani kilichowekewa matairi kipara ni sawa na mtu mwenye macho mazuri aliyevishwa viatu vya sabuni.

La mwisho ni la dereva peke yake. Fundi wa Japani alikadiria mengi, lakini hakuiona njia ya Oldeani asubuhi ya mwezi Aprili. Kushuka garini, kuukanyaga udongo kwa mguu, na kuamua kusubiri saa mbili jua liikaushe njia, ni uamuzi ambao kompyuta haijafundishwa kuufanya. Mzigo uliochelewa waweza kuuzwa kesho.