Karani na Biashara ya Dhuluma

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nijibu neno alilolisema ndugu mmoja katika mkutano wa chama, ya kwamba nchi ikifanya biashara na serikali inayowaonea raia wake, karani hana lawama, maana kazi yake ni kuandika tu.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Dhuluma nayo huhitaji daftari. Kule Afrika ya Kusini, kila pasi aliyolazimishwa Mwafrika kuichukua iliandikwa na kupigwa muhuri na mtu mwenye kazi kama yetu.

Tarehe 26 Juni 1959, Mwalimu Julius Nyerere na Padre Trevor Huddleston walisimama London wakawasihi Waingereza wasinunue bidhaa za nchi ile. Wako waliojibu kwamba mgomo huo utawanyima chakula Waafrika wenyewe. Jibu hilo si la kudharauliwa, kwani mara nyingi mnyonge ndiye aumiaye kwanza. Lakini Chifu Albert Luthuli, kiongozi wa hao Waafrika, aliomba yeye mwenyewe mwaka ule ule bidhaa hizo zisinunuliwe. Basi kipimo ni hicho: tusimwulize mwenye faida, wala adhulumuye, bali tumwulize adhulumiwaye.

Tena, kukataa kuna gharama. Tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Na hapa mkoani kwetu, Kongwa, mahali palipoachwa na mradi wa karanga, wapigania uhuru wa ANC na FRELIMO walipokewa tangu mwaka 1964, ingawa wenyeji wao walikuwa maskini.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Almasi ya Mwadui iliendelea kuchimbwa miaka kadhaa baada ya Uhuru kwa ubia na De Beers, kampuni yenye asili ya huko huko Afrika ya Kusini. Hatukuweza kuacha yote kwa siku moja. Lakini kushindwa kufanya yote si ruhusa ya kutofanya lolote.

Je, karani afanye nini? Simwambii mwenzangu achome faili wala aache kazi. Nami pia nina watoto wa kulisha. Nasema hivi: karatasi za manunuzi zikipita mezani pake, naye ajua kwa hakika kwamba mali ile yatoka kwa jasho la watu walioonewa, aliandike jambo hilo wazi, kwa adabu, kisha atie jina lake. Mkubwa akiamua kuendelea, hawezi kusema kwamba hakuambiwa. Na karani hatakuwa amenyamaza.

Kama nimekosa, wenzangu wanisahihishe.

Ni mimi,
Karani, Msalato