Tunamjua Tunu, hatumjui aliyemsema

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye daladala na rafiki yangu, tunarudi chuo kutoka mjini. Redio ya dereva ikarusha tangazo la sabuni. Mama anamwita mwanawe, anacheka, anamsifia shati jeupe. Rafiki yangu akanishika mkono: "We, huyo ni mimi!" Abiria wakageuka kumtazama, wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Sauti ile aliirekodi miaka miwili nyuma, boom likiwa limekata, kwa kampuni iliyomwambia ni ya "majaribio tu". Alilipwa elfu thelathini na soda, akasaini karatasi ambayo hakupewa nakala yake. Mpaka leo hajui sauti yake imeshatumika wapi na wapi.

Nimeliwaza jambo hili tangu siku ile, na msimamo wangu ni huu: nchi hii imelelewa na sauti za wanawake, lakini haijajifunza kuwataja wala kuwalipa ipasavyo. Na sisi wanachuo, ambao ndio tunaoitwa kwenye hizi dili za sauti, tusipoamka tutakuwa kizazi kinachofuata cha wasiotajwa.

Nianzie nyumbani. Kwetu ni Makuyuni, Korogwe, penye barabara kuu ya kwenda Arusha. Bibi yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini ana shule nyingine aliyoipata kwenye redio ya mbao iliyokuwa juu ya kabati. Ukimuuliza habari za zamani, kabla ya kutaja waziri yeyote atamtaja Deborah Mwenda. Wenzangu mliozaliwa juzi, huyo ndiye mtangazaji wa kipindi cha watoto cha Mama na Mwana, Redio Tanzania Dar es Salaam. Wazazi wetu wengi wakisikia jina hilo wanaikumbuka hadithi ya Binti Chura. Aliisimulia redioni, mtoto wa Korogwe, wa Mbeya na wa Kigoma kila mmoja akamwona chura wake mwenyewe kichwani. Hapakuwa na picha wala katuni. Palikuwa na sauti ya mwanamke mmoja anayejua wakati wa kunong'ona, wakati wa kutisha na wakati wa kunyamaza kidogo ili mtoto asogee karibu na spika.

Hiyo ni kazi, ndugu zangu. Jaribuni leo usiku hosteli kumsimulia mwenzako hadithi dakika kumi bila yeye kushika simu. Mtaniambia.

Deborah Mwenda angalau jina lake linajulikana, kwa sababu mtangazaji hujitaja. Waigizaji wa redio je? Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu, aliyevumilia mpaka akachoka, akamwacha na kuanza biashara yake ndogo. Bibi anasema pale kwetu barabarani, malori yanapopita usiku na mchana, mchezo ule haukuwa mchezo. Akina mama waliokuwa wakiuza machungwa na mahindi ya kuchoma walikuwa wakiulizana, "Huyu naye si Mkwaju?" Kuna waume waliozima redio kwa hasira.

Na mchezo ule ulipimwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo, 1993 hadi 1995, haukurushwa na kituo cha Dodoma, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Matokeo yaliyochapishwa baadaye yanasomwa hadi leo na wanafunzi wa mawasiliano duniani: waliousikia walibadilika zaidi, katika kutumia uzazi wa mpango na katika kujikinga na UKIMWI. Kwa hiyo tuna ushahidi kwamba sauti ile ya Tunu ilisaidia kubadili maisha ya watu halisi. Sasa niulize: nani kati yetu anayeweza kumtaja mwanamke aliyekuwa Tunu? Nimewauliza wenzangu kumi na wawili wa kitivo chetu. Wanne walimjua Tunu, kwa kusimuliwa na mama zao. Aliyemwigiza hakutajwa na hata mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa simjui.

Mtu atasema hiyo ndiyo kawaida ya kazi za sauti, msikilizaji hakuoni, basi hakukumbuki. Si kweli. Wale wazee wa mabanda ya video wanamkumbuka Lufufu, Derek Mukandala, aliyetafsiri filamu za nje kwa Kiswahili huku akiigiza kila mhusika yeye peke yake, kuanzia jambazi hadi mama mkwe. Kanda zake ziliuzwa kwa jina lake. Mteja alikuwa haulizi filamu ni ya nani, anauliza, "Ipo ya Lufufu?" Kumbe sauti inaweza kuwa na jina. Tatizo ni nani anapewa nafasi ya kujitaja.

Twende mbali kidogo, Japani. Mnaokesha na Dragon Ball mnajua kwamba sauti ya Goku ni ya bibi? Masako Nozawa alizaliwa mwaka 1936, na amekuwa Goku tangu mwaka 1986. Mwaka 2024, akiwa na miaka 88, alikuwa bado studio. Na yupo Nobuyo Oyama, aliyekuwa Doraemon, yule paka roboti wa buluu, kuanzia mwaka 1979 hadi 2005. Oyama akiwa msichana alichekwa shuleni kwa sauti yake nzito ya kukwaruza. Sauti hiyohiyo ndiyo ikaja kulea watoto wa nchi nzima. Alipofariki Septemba 2024, akiwa na miaka 90, habari ilitangazwa dunia nzima, na watu wazima walilia hadharani.

Sisemi Japani ni peponi. Waigizaji wa sauti wa kule nao wanalalamika malipo ni madogo na ushindani ni mkali. Lakini kazi yao ina jina lake, ina vyuo vyake, ina mawakala, na ina chama kinachosimamia viwango vya malipo. Mwaka huohuo wa 2024 kundi la waigizaji wa sauti mashuhuri walijitokeza kupinga sauti zao kunakiliwa na akili mnemba bila ridhaa. Waliweza kusimama pamoja kwa sababu walikuwa wanajulikana ni kina nani. Mtu asiye na jina anasimama wapi?

Na msidhani hii ni mada ya Tokyo tu. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiongea Kiswahili. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Mwaka 2016 StarTimes walifanya shindano la kutafuta sauti za Kiswahili hapahapa Dar es Salaam, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Ubongo Kids ilianza TBC mwaka 2014, na katuni zake sasa zinaangaliwa na watoto wa nchi nyingi za Afrika. Soko la sauti za Kiswahili lipo na linakua. Ukisikia mtu anasema "fani yako haina ajira", mwambie aanze kusikiliza.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, na inataka ridhaa yake kabla onyesho lake halijarekodiwa au kutangazwa. COSOTA ndiyo ofisi inayohusika. Shida ni kwamba ridhaa yenyewe tunaitoa bure. Unaletewa karatasi dakika tano kabla ya kuingia studio, imeandikwa kwamba sauti ni mali ya kampuni kwa matumizi yote na kwa muda wote. Una njaa, una kodi ya chumba, unasaini. Siku hizi "matumizi yote" yanaweza kumaanisha mashine ijifunze sauti yako, kisha isome matangazo elfu moja bila kukuita tena. Rafiki yangu alilipwa kwa saa mbili. Alichouza pengine ni maisha yake yote ya kazi.

Wapo watakaoniambia nakuza mambo. "Kazi ya saa mbili, umekaa kwenye kiti, umepewa hela, unataka nini tena?" Nawajibu hivi: hata mtu anayepangisha chumba chake hamwachii mpangaji hatimiliki. Wengine watasema wale wa Redio Tanzania walikuwa watumishi na wasanii wa taifa, walifanya kwa uzalendo, na studio za Barabara ya Pugu hazikuwa na fedha za kumwaga. Nakubali, tena ndiyo maana nawaheshimu zaidi. Lakini kutaja jina mwisho wa mchezo kunagharimu sekunde tatu. Uzalendo haujawahi kumkataza mtu kutajwa.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu kwa serikali yetu ya wanafunzi, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, wenzetu wa sheria waweke meza ya kusoma mikataba, hata mara moja kwa wiki. Mwanachuo akiitwa kurekodi, apite pale kabla ya kusaini, aelezwe vitu vinne tu: sauti itatumika wapi, kwa muda gani, kama mashine itafundishwa nayo, na kama jina lake litatajwa. Na asiondoke studio bila nakala.

Pili, redio na magazeti ya vyuo yaanze yenyewe. Kila kipindi, kila igizo la usiku wa utamaduni, majina yasomwe mwishoni. Tusidai kwa wakubwa jambo ambalo sisi wenyewe hatulifanyi.

Tatu, likizo hii kila mmoja anaporudi kwao amrekodi bibi mmoja akisimulia, kwa idhini yake, na faili lianze na jina lake kamili. Simu unayo.

Mimi nitaanza Makuyuni. Nilipompigia Bibi kumweleza mpango huu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, hiyo sauti yangu mtaipeleka wapi?" Nikajisikia aibu, maana nilikuwa sijafikiria jibu. Bibi yangu wa darasa la nne aliuliza swali ambalo sisi wa digrii tunasahau kuuliza tukiwa mbele ya maikrofoni. Nilimwambia haitaenda popote bila yeye kusema. Akasema, "Haya, njoo."