Mtunzi wa wimbo wa kanisa naye ana jina

Kwaya ninayoimbia besi hapa Bwiza ina kabati limejaa nyimbo za Kiswahili, nyingi zimetoka Tanzania. Zimepigwa fotokopi ya fotokopi hadi kona ya juu kulia, pale mtunzi anapoandika jina lake, pamebaki utepe mweusi. Nota zipo zote, mwenye nota hayupo.

Wimbo wa taifa tunajua wenyewe. Muziki wa Burundi Bwacu ni wa Marc Barengayabo, na maneno yaliandikwa na kundi lililoongozwa na Padri Jean-Baptiste Ntahokaja. Waganda nao hawajamsahau Joseph Kyagambiddwa na oratorio yake ya Kiganda juu ya mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Lakini hawa ni wa shughuli kubwa. Je, yule wa Jumapili ya kawaida?

Uingereza alikuwepo Thomas Clark, fundi viatu wa Canterbury, aliyetunga tuni za zaburi na tenzi kwa ajili ya waimbaji wa kawaida. Mwaka 1805 alichapisha moja aliyoiita Cranbrook. Leo watu wa Yorkshire wanaiimba kwa maneno ya mzaha, mbali kabisa na altare, ila ukiuliza tuni ni ya nani, utaambiwa Clark. Si kwamba alikuwa mkubwa. Kitabu kilitoka na jina lake.

Wapo watakaosema mtunzi anatunga kwa utukufu wa Mungu, jina la nini? Mbona aliyetoa mabenchi tunamtangaza kabla ya baraka ya mwisho? Na video zetu za YouTube zinataja studio, mpiga picha, hata aliyeshona sare. Mtunzi peke yake ndiye anayedaiwa unyenyekevu, ingawa Burundi ina sheria ya haki za watunzi tangu 2005.

Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Kabla haijafika, kila mwalimu wa kwaya afungue kabati lake, apige simu Kigoma, Mwanza, popote wimbo ulikotoka, kisha aandike majina kwa kalamu. Asiyepatikana, tuandike “mtunzi anatafutwa”. Tusiandike “wimbo wa asili” juu ya kazi ya mtu ambaye huenda bado yu hai.